Namna ya kusoma chenga za mwamba wa kisima cha gesi cha baharini

Tabaka lililo mita 2,000 chini ya sakafu ya bahari hulioni kwa macho. Unaletewa chenga tu, zimepandishwa na tope la kuchorongea hadi kwenye chekeche la mtambo. Vijana wanaoanza kazi hii pwani yetu ya kusini mwa Tanzania huniuliza kwanza majina ya miamba. Mimi huwaanzishia saa.

Chenga ulizoshika zilikatwa muda uliopita. Tope likichukua saa 1 kupanda, na keekee, yaani chuma kinachokata mwamba chini kabisa ya shimo, inakata mita 20 kwa saa, basi hizo ni za mita 20 juu ya keekee ilipo sasa. Ukikosea hapo, umelihamisha tabaka zima. Usitegemee muda unaokokotolewa kwa mwendo wa pampu ya tope peke yake, maana kuta za shimo hubomoka na shimo likapanuka. Wakiunga bomba jipya, omba ruhusa utie konzi ya mchele mbichi bombani. Hesabu dakika mpaka uuone kwenye chekeche, kisha toa zile za kushukia bombani.

Kuosha ni kwa upole, tena upole kweli. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa ni laini, maji huuchukua. Mwaka wangu wa kwanza nilisugua sampuli mpaka maji yakatakata, nikabaki na mchanga, nikaandika "mchanga" penye mfinyanzi mwingi. Lilikuwa kosa zito, na bado linaniuma. Songo Songo, eneo la gesi karibu na Kilwa lililogunduliwa 1974, gesi imekaa kwenye mwamba mchanga wa enzi ya Kretasia kwa sababu juu yake kuna mwamba wa mfinyanzi ulioifunika. Ukikosa kifuniko, ghala halina maana.

Rangi itazame chenga zikiwa mbichi, chini ya taa ileile kila siku. Dondoshea asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10: chokaa hutoa povu papo hapo, dolomiti, jamaa ya chokaa yenye magnesi, polepole. Mchanga ukitoa povu, angalia kati ya chembe. Huenda zimegandishwa na chokaa, na gesi haina pa kupita.

Vipande vikubwa vyenye ncha kali aghalabu vimeporomoka kutoka juu. Vitakufuata mamia ya mita. Kwa hiyo usingoje mwamba mpya ujae kwenye trei. Unapojitokeza mara ya kwanza, hata kidogo, ndipo tabaka linapoanza. Foraminifera, yaani magamba ya viumbe vidogo sana vya bahari ya kale, nazo ni hivyohivyo: amini pale aina inapoonekana kwanza ukishuka, kwani za chini zaidi huenda zimedondokea.

Andika "mchanga, asilimia 5, mpya", kina na saa, kabla hujagusa sampuli inayofuata.