Somo: Kuitunza siri ya mgonjwa wa akili kwenye simu na intaneti

Assalaamu alaykum. Somo hili linawahusu washauri nasaha, wauguzi na madaktari wa afya ya akili wa Unguja na Pemba ambao siku hizi huwahudumia watu kwa simu, WhatsApp na video. Kwetu sisi, kutajwa tu Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, kunatosha kumfanya mtu aahirishe matibabu, kwa kuwa anachokihofu zaidi si yale atakayoyasema bali ni kujulikana kwamba amekwenda. Kwa hiyo kinachotangulia kulindwa ni kila alama inayoonyesha kwamba mtu fulani anahudumiwa na wewe.

Hatua ya 1: Tenga laini ya kazi. Mitandao ya kijamii husoma namba zilizomo ndani ya simu na kuzitumia kupendekeza marafiki, hata mgonjwa wako wa Wete akaweza kuletewa jina la mgonjwa wako wa Chake Chake. Zinyime programu ruhusa ya kusoma orodha ya namba hizo, na badala ya jina la mgonjwa andika namba ya jalada lake.

Hatua ya 2: Kubalianeni kabla ya kuanza. Naiona hatua hii kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Muulize simu ni ya nani, nani mwengine anajua neno lake la siri, na ni saa ngapi anaweza kuzungumza bila ya kusikiwa, kwani katika nyumba zetu nyingi kuta za vyumba hazifiki paani na maneno ya chumbani husikika ukumbini. Chagueni mapema sentensi ya kawaida, kwa mfano "ule mzigo nitauleta kesho", ambayo akiitamka utajua kwamba ameingiliwa, nawe umalize mazungumzo bila ya kumhoji. Mweleze pia saa unazojibu na saa usizojibu, maana mtu aliyezidiwa usiku wa manane, akaona alama mbili za buluu na jibu haliji, hudhani kwamba ametupwa. Aridhie haya kwa maandishi. Asiyejua kusoma asomewe, na kauli yake iandikwe kwenye jalada.

Hatua ya 3: Jua alipo. Kila mnapoanza, muulize yuko shehia gani, na uwe na namba ya ndugu aliyemchagua mwenyewe. Akisema anataka kujidhuru kisha mtandao ukakatika, utajua msaada uupeleke wapi.

Hatua ya 4: Angalia nakala zinakokwenda. Tokea mwaka 2016 WhatsApp huufunga ujumbe njiani asiweze kuusoma mwengine, lakini nakala inayowekwa Google Drive au iCloud haifungwi namna hiyo mpaka mwenyewe uiwashe kinga iliyoanza kutolewa mwaka 2021. Na kilichohifadhiwa huweza kuibwa: nchini Finland, mwaka 2020, wagonjwa wa kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo walitumiwa vitisho, mmoja mmoja, kwamba wasipolipa fedha siri walizowaambia watabibu wao zitatangazwa. Majalada yalikuwa yameibwa kwenye kompyuta za kituo.

Hatua ya 5: Chunga makundi ya wanataaluma. Ukiandika "mke wa nahodha, wa Konde, kajifungua mapacha mwezi uliopita, haachi kulia", jina hukulitaja, lakini Konde nzima imeshamjua. Andika "mama aliyejifungua karibuni, ana dalili za sonona", kisha uliza unalotaka kuuliza.

Maswali ya wanachama

*Mshauri nasaha, Wete:* Mgonjwa ameniomba urafiki Facebook. Nikikataa, si nitamvunja moyo?

*Jibu:* Usikubali, na wala usinyamaze. Mueleze mnapokutana kwamba humkatai yeye, bali orodha ya marafiki zako inaonekana na watu. Na kwa kuwa Pemba mtakutana tu harusini au sokoni, mwambie kwamba utamuachia yeye aanze salamu.

*Muuguzi, Unguja:* Inafaa kumtafuta mgonjwa mtandaoni nijue kama anayonieleza ni kweli?

*Jibu:* Haifai. La kujua muulize mwenyewe. Nakubali pale tu maisha yake yanapokuwa hatarini, kwa mfano ametoweka baada ya kuaga; hapo tafuta, andika kwenye jalada ulichokifanya na sababu yake, kisha mwambie akishapatikana.

*Daktari, Mkoani:* Nimpendekezee mgonjwa programu ya ushauri ya kwenye simu?

*Jibu:* Ijaribu kwanza wewe. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani iliitaka BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha wa mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8, kwa tuhuma kwamba ilizipeleka taarifa za watumiaji kwa kampuni za matangazo, Facebook na Snapchat zikiwemo, ilhali iliwaahidi faragha. Soma taarifa zinapelekwa kwa nani na kama mtu anaweza kuzifuta. Ikidai kusoma orodha ya namba za simu ndipo ifanye kazi, usimpe mgonjwa wako.