Kipindi cha sanaa kwa wanafunzi wenye usonji: kuchapa rangi kwa sponji, hatua kwa hatua

Nimechagua kuchapa kwa sponji kwa sababu mtoto hahitaji kujua kushika brashi, na kila akibonyeza anaiona alama yake papo hapo. Dakika 30 zinatosha. Sharti langu ni moja tu: kazi itakayobaki mezani iwe imefanywa na mtoto, si na mwalimu wala msaidizi wake.

Hatua ya 1: Jua kinachomsumbua na kinachomvuta

Anza siku kadhaa kabla. Waulize wazazi, kisha tazama mwenyewe. Nani hawezi kuvumilia kitu kinachonata? Nani hutia kila kitu mdomoni? Nani huziba masikio kiti kikiburutwa? Kuhisi mambo kwa ukali au kwa uhafifu usio wa kawaida kumo katika vigezo vya usonji vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili na ya ukuaji, wa mwaka 2013, kwa hiyo anayekataa kugusa gundi usimwite mkaidi. Kwa anayetia vitu mdomoni, rangi isiyo na sumu ni lazima lakini peke yake haitoshi. Ondoa pia vifuniko na vipande vidogo vya sponji anavyoweza kumeza.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyelia kila alipoona rangi mbichi. Wiki tatu nzima nilimbembeleza aguse, nikiamini atazoea. Hakuzoea, na nilikosea kuendelea. Siku moja nilitia rangi mbili ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, nikaziba kingo zote kwa selotepu, nikaulaza mezani mbele yake. Aliisukuma rangi kwa kidole, akaifuata ilivyochanganyika, na mkono wake ukabaki mkavu. Baadaye akakubali sponji iliyobanwa kwa kibanio cha nguo. Hajawahi kuchovya kidole kwenye rangi, na sioni kwa nini nimtake afanye hivyo.

Hatua ya 2: Panga meza

Kila mtoto apate trei yake yenye vifaa vya kipindi hicho tu. Karatasi ibandikwe mezani isiteleze. Karatasi tupu zikae kushoto, sanduku la kazi zilizokwisha kulia. Mpangilio huu unatokana na TEACCH, mfumo wa kufundisha watu wenye usonji ulioanzia North Carolina, Marekani: mtoto akitazama meza aone nifanye nini, kiasi gani, nitajuaje nimemaliza, na baadaye kuna nini.

Hatua ya 3: Weka hatua kwenye picha

Picha nne zinatosha: chovya, bonyeza, inua, weka kwenye sanduku. Piga picha vifaa vyenu wenyewe. Kwa ambaye bado hasomi picha, mpe kitu chenyewe: akishika sponji anajua kipindi gani kimefika.

Hatua ya 4: Onyesha, kisha nyamaza

Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu. Sema neno moja, "Chovya," kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kulirudia. Mtoto bado anachakata la kwanza. Ukiongeza la pili unamrudisha mwanzo. Akihitaji msaada, weka mkono wako chini ya wake, ili aweze kuuondoa akitaka. Usimkamate kiganja ukachapa kwa niaba yake. Kama mlolongo wote ni mzito, fanya wewe hatua za mwanzo, umwachie ile ya mwisho. Wiki ijayo mwachie mbili za mwisho.

Usionyeshe mfano mmoja uliokamilika. Wapo watakaotaka kuunakili alama kwa alama, na wakikosea watachana karatasi. Onyesha mitatu isiyofanana.

Hatua ya 5: Mpe uchaguzi wa kweli

Rangi mbili, kadi mbili. Asiyezungumza akikupa kadi nyekundu, mpe nyekundu mara moja, hata kama mnachapa majani. Ukimwambia majani ni ya kijani, umemfundisha kwamba kadi yake haina nguvu.

Na anayechapa mstari uleule kila wiki? Mwache, kisha badilisha kitu kimoja: karatasi nyeusi badala ya nyeupe, au sponji ya umbo jingine. Stephen Wiltshire, mchoraji Mwingereza mwenye usonji anayechora miji kwa kumbukumbu, amekuwa akichora majengo tangu utotoni. Sisemi kila mwanafunzi ana kipaji cha namna ile. Nasema kinachorudiwa ndicho mtoto anachokipenda, na ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 6: Maliza bila kushtua

Tumia kipima muda kinachoonekana. Toa taarifa zikibaki dakika tano, kisha mbili. Onyesha kadi ya "Kwanza rangi, kisha kunawa". Bakuli la maji liwe karibu; foleni ya bombani huvuruga kila kitu.

Nyuma ya karatasi andika tarehe na msaada uliotoa: "alichovya mwenyewe, nilishika trei." Kipindi kijacho anzia hapo.