Somo: Kutafsiri majina ya wanyama kwa Kihispania, hasa wanapoitwa watu

Hatua ya kwanza ni kubaini kama anayetajwa ni mnyama kweli au ni mtu. Akiwa mnyama, kamusi inatosha: simba ni león, punda ni burro, fisi ni hiena. Angalia tu jinsia, jambo ambalo Kiswahili hakitudai: jirafa ni jina la kike daima, hivyo hata twiga dume ataitwa la jirafa macho.

Hatua ya pili ndiyo ngumu. Akiwa mtu, mweke mnyama kando, uandike kwa maneno makavu sifa anayosimangwa nayo, kisha utafute Wahispania humtumia mnyama gani kwa sifa hiyo, kama yupo. Sungura wa hadithi zetu ni mjanja, lakini ujanja huo kwao ni wa zorro, yaani mbweha. Mwoga, ambaye sisi humfananisha na kunguru, kwao ni gallina, kuku jike. Na akiwa mwanamume husemwa es un gallina, jina la kike likitanguliwa na kibainishi cha kiume, wala si kosa la uchapaji. Nyumbu, yule afuataye mkumbo, ni borrego, mwanakondoo.

Chawa aliniaibisha. Katika maelezo ya msanii mmoja wa hapa Dar es Salaam na chawa wake niliandika piojo, na mteja wangu Mhispania akauliza kwa upole kama kijana huyo ameshapata dawa ya nywele. Mtu wa kujipendekeza huitwa pelota nchini Uhispania, na chupamedias, mnyonya soksi, nchini Argentina. Mnyama hayumo kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, kinyonga abadilishwe?
Jibu: Hapana. Camaleón hulaumiwa kwa kugeukageuka kama kwetu.

Swali: Mwanamke mjanja nimwite zorra?
Jibu: Usithubutu. Zorro ni mjanja, lakini zorra ni tusi zito la umalaya. Andika astuta, na mnyama apotee.

Swali: Nikimpeleka mgeni soko la Feri, samaki ni pez au pescado?
Jibu: Pez ni samaki aliye hai majini, pescado ni aliyevuliwa kwa ajili ya kuliwa. Pale mnadani wote ni pescado, hata yule ambaye bado anapigapiga mkia.