Somo: Chembe-nano zikifika Ziwa Tanganyika, huzama au husafiri?

Dioksidi ya titani ya losheni za jua na madini ya fedha yaliyomo kwenye soksi zisizonuka huja kwa chembe-nano, yaani chembe za nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Ukubwa ulioandikwa kwenye boksi hauamui chembe itaishia wapi. Maji ndiyo huamua, na hapa Kigoma unaweza kuliona hilo kwa udongo wa kula wa sokoni Mwanga. Chembe zake ni kubwa kuliko nano, ila nazo hubeba chaji hasi na husukumana vivyo hivyo.

1. Saga udongo, kijiko 1 cha chai, utie kwenye lita 1 ya maji ya mvua. Tikisa dakika 5, acha saa 24.

2. Kwa mpira wa dripu, vuta sentimita 8 za juu tu. Humo hubaki chembe za maikromita 1 kushuka chini, maji meupe kama tui la mwisho. Ukigusa tope, tikisa uanze upya.

3. Glasi A: ml 180 za mvua. Glasi B: ml 180 za ziwa, yatekwe mbali na ufukwe. Tia ml 20 za maji yale meupe ya udongo kila moja. Glasi C: changanya kwanza ml 20 za maji hayo ya udongo na ml 5 za chai ya rangi kali isiyo na sukari, subiri nusu saa, ndipo utie maji ya ziwa kama ya B. Ukigeuza mpangilio, magnesi, madini yaliyoyeyuka katika maji ya ziwa, itazifikia chembe kabla ya chai.

4. Zima taa, mulika tochi ya simu ubavuni. Rudia kila saa 2.

Katika B mwanga huanza kuonyesha vidonge vidogo kama chenga za unga, kisha vinashuka. Ziwa lina magnesi ya takriban mg 40 kwa lita, na chaji yake maradufu huua ule msukumano. A hubaki na ukungu. C hukawia, kwa kuwa chai huvika chembe koti, kama yafanyavyo majani yaliyooza kwenye mabwawa ya Malagarasi.

Fedha ina mambo yake: huyeyuka polepole kuwa ioni, yaani atomi zenye chaji, na ioni hizo ndizo zenye sumu kwa viumbe vya majini. Zikifika kwenye kina kisicho na oksijeni, chini ya mita 100 hadi 200, salfaidi (salfa yenye chaji hasi iliyomo humo) huzinasa zikawa salfaidi ya fedha, ambayo karibu haiyeyuki kabisa.

Maswali

*Mwalimu, hata glasi A yangu imetua usiku mmoja.*
Maji ya mvua yalipita wapi, ndugu? Tangi la saruji huyatia kalisi, nayo huua msukumano kama magnesi. Kinga kwa ndoo safi ya plastiki.

*Nikichuja kwa kitambaa nitazitoa?*
Hapana, dada. Hata kichujio cha maabara cha maikromita 0.45 huzipitisha zikiwa mojamoja. Kuchemsha nako huua vijidudu tu.

*Kwa hiyo zikizama zimekwisha?*
Zimehamia kwenye tope, wanakokula konokono.