PLC Isipojibu kwa Wakati: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuongeza Muda wa Kusubiri

Ujumbe wa kwisha kwa muda (timeout) unapotokea kwenye skrini ya chumba cha udhibiti, mafundi wengi hukimbilia kuongeza muda wa kusubiri kutoka sekunde 1 hadi 5, au huzima PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) na kuiwasha upya. Hatua ya kwanza huficha ugonjwa na ya pili hufuta ushahidi. Isitoshe, kuzima PLC mtambo ukiwa kazini kunaweza kusimamisha pampu ambayo haikupaswa kusimama. Mfano wangu hapa ni Modbus TCP, itifaki ya kusoma data ya PLC kupitia mtandao, inayotumia poti 502 (namba ya mlango wa mawasiliano), ingawa utaratibu huu unafaa kwa itifaki nyingine pia.

Anzia kwenye kompyuta ileile inayotoa ujumbe huo, kwa sababu kompyuta yako ya mkononi huenda inapita njia nyingine kabisa. Tuma ping (ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu), kisha jaribu kufungua poti 502. Ombi likikataliwa papo hapo, PLC au kifaa kilicho njiani kipo hai na kimekataa, kwa hiyo achana na kebo uangalie mipangilio. Ping ikijibiwa lakini poti ikakaa kimya, shuku ngome ya mtandao (firewall) kwanza. Poti ikifunguka kisha ikafungwa mara moja, huenda nafasi za miunganisho zimejaa: PLC nyingi hupokea miunganisho michache tu kwa wakati mmoja, na kompyuta iliyozimika ghafla inaweza kuacha muunganisho wake ukishikilia nafasi kwa muda mrefu.

Tatizo likija na kuondoka, soma takwimu za poti (tundu la kebo) kwenye swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha kebo zake. Makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) yanayoongezeka kila mota kubwa inapowaka huelekeza kwenye kebo iliyolazwa pamoja na nyaya za inveta (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota), au kiunganishi kilicholegea. Hakikisha pia kwamba pande zote mbili za kebo zimewekwa kujipatanisha zenyewe. Upande mmoja ukilazimishwa dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), ule mwingine huangukia nusu dupleksi (kwa zamu), na pakiti ndogo za ping hupita vizuri huku data ikipotea mzigo unapokuwa mkubwa. Mtambo ukisimama kwa matengenezo, chomoa kebo ya PLC kisha tuma ping kwenye anwani yake: jibu likija, kuna kifaa kingine chenye anwani hiyohiyo.

Mahali panaposumbua zaidi, kwa maoni yangu, ni kigeuzi kinachounganisha Modbus TCP na waya wa RS-485, ambao mita na vifaa vingine kadhaa huushiriki na kusomwa kwa zamu. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, kusoma rejesta 10 (nafasi za kuhifadhi thamani kwenye kifaa) huhitaji baiti 8 za ombi na 25 za jibu, yaani takriban milisekunde 38 kwenye waya, bila kuhesabu muda wa mita yenyewe kufikiri. Hilo si tatizo. Tatizo ni mita moja iliyokufa: kigeuzi kikiisubiri sekunde 1 na kuijaribu mara tatu, mita zisizo na kasoro zilizo nyuma yake kwenye foleni husubiri sekunde 3, na kompyuta yenye subira ya sekunde 1 hutangaza kwamba hizo zisizo na kasoro ndizo zimepotea. Fundi akienda kuzikagua, hazina kasoro yoyote.

Ili kuthibitisha, elekeza nakala ya mawasiliano ya poti husika ya swichi kwenye Wireshark (programu ya kuchunguza pakiti za mtandao), kisha linganisha namba ya muamala ya kila ombi na ya jibu lake. Jibu lenye namba sahihi linalofika baada ya kompyuta kukata tamaa linaonyesha uchelewaji. Jibu lisilofika kabisa linaonyesha upotevu. Katika hali ya uchelewaji, ondoa kifaa kilichokufa kwenye orodha ya kusomwa, punguza muda na majaribio ya kigeuzi, na ndipo upange subira ya kompyuta izidi muda mrefu kabisa ambao kigeuzi kinaweza kutumia. Kisha chomoa mita moja kwa makusudi, na uhakikishe kwamba nyingine zote zinaendelea kusomeka.