Kuacha kazi na kuhamia Dubai: barua ya kujiuzulu isubiri zamu yake

Wakuu, habari za leo. Inbox yangu imejaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, nimepata kazi Dubai, mwisho wa mwezi naacha kazi." Nikiuliza alichonacho mkononi, wengi wananitumia picha ya meseji ya ajenti. Hapo bado hujapata kazi. Somo hili linahusu mpangilio tu, kipi kitangulie na kipi kifuate. Naandika kwa aliyeajiriwa Tanzania Bara, analipwa kwa mwezi, na anakwenda kampuni binafsi Dubai au Sharjah. Wa kazi za ndani wana sheria yao, tutaigusa kwenye maswali.

Hatua ya 1: Pima afya kimya kimya

Ukifika utatolewa damu na kupigwa picha ya kifua kabla ya kupewa ukaazi. Anayekutwa na VVU hapewi ukaazi, anarudishwa kwao. Mimi sioni kama ni haki, ila ndiyo sheria yao na haijali umeacha nini nyumbani. Pima ukiwa bado na ajira na bima yako.

Hatua ya 2: Soma ofa kama unasoma hati ya kiwanja

Kampuni iliyo chini ya wizara ya kazi ya kule, MOHRE, inatoa ofa kwenye fomu ya wizara, kwa Kiarabu na Kiingereza, na ina namba ya muamala unayoweza kuihakiki kwenye tovuti ya wizara. Kampuni za maeneo huru ya kibiashara (free zone) kama JAFZA na DMCC zinasimamiwa na mamlaka za maeneo hayo, kwa hiyo ukikosa namba ya MOHRE usikimbilie kusema ni matapeli. Uliza ni eneo gani, kisha hakiki huko.

Sasa shuka kwenye mshahara. Wengi wanaangalia jumla pale chini na kufunga karatasi. Rudi juu uone mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani, kwa sababu kiinua mgongo cha kule kinapigwa kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, halafu siku 30 kwa kila mwaka unaofuata.

Chukua ofa mbili, zote jumla yake dirhamu 6,000. Ya kwanza msingi ni 2,400. Gawanya kwa 30, siku moja ni dirhamu 80, mara 21 unapata 1,680 kwa mwaka. Ya pili msingi ni 4,000. Hesabu hiyo hiyo inakupa 2,800 kwa mwaka. Ukikaa miaka mitano, tofauti ni dirhamu 5,600, na kila mwezi mlikuwa mnapokea sawa. Dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo unaweza kuigeuza mwenyewe bila kusubiri ajenti akupigie hesabu.

Angalia pia kipindi cha majaribio. Sheria inaishia miezi sita. Ofa ikisema mwaka mzima, hao hawana nia njema au hawajui sheria ya nchi yao, na yote mawili ni mabaya kwako.

Gharama za kukuajiri ni za mwajiri. Sheria yao ya kazi, ya 2021, inakataza kumtoza mfanyakazi, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Ajenti anayedai "hela ya viza" anakudai deni lisilo lako.

Hatua ya 3: Vyeti

Cheti cha chuo kinapita Wizara ya Mambo ya Nje ya kwetu, kinakwenda ubalozi wa Falme za Kiarabu pale Dar, kisha wizara ya mambo ya nje ya kule. Cheti cha ndoa njia ni hiyo hiyo kama unafikiria kuleta familia. Anza mapema, maana muhuri ukiukosa ukiwa tayari Sharjah utamsumbua ndugu yako azunguke nao mjini kwa niaba yako.

Hatua ya 4: Subiri kibali cha kuingia cha kazi

Kiwe cha kazi, chenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti na jina la kampuni iliyokupa ofa. Ukiletewa viza ya matembezi na kuambiwa "tutabadilisha ukifika", kaa na kazi yako. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa, na ukipitiliza muda faini ni dirhamu 50 kwa siku.

Hatua ya 5: Sasa andika barua

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba wako unaweza kudai zaidi, usome. Ndiyo maana tarehe ya kuripoti uliyokubaliana na Dubai lazima iache nafasi ya notisi. Waambie mapema, mwajiri makini anaelewa.

Barua iwe fupi: tarehe, siku ya mwisho kazini, asante. Malalamiko ya miaka sita kuhusu meneja yaache mdomoni. Dai malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako kisheria hata kama mmeachana kwa kununiana. Kiinua mgongo cha kisheria cha kwetu, zile siku saba kwa kila mwaka, usikiweke kwenye bajeti. Hicho ni cha aliyeachishwa, siyo aliyeacha mwenyewe. Fao la kukosa ajira la NSSF ni vivyo hivyo. Michango yako haipotei, lakini usiipangie nauli.

Mwenye mkopo wa chuo wa HESLB: mwajiri akiacha kukata ile asilimia 15, deni halijaacha kukujua. Panga utalipaje ukiwa nje.

Hatua ya 6: Mwezi wa kwanza

Beba hela ya kula na kulala hadi mshahara wa kwanza, ambao unaweza kuja baada ya wiki nyingi. Kama kampuni haitoi malazi, utaanzia "bed space". Ukitembea Deira utaona vikaratasi kwenye nguzo, vimechanwachanwa chini kama kucha ili kila mtu aondoke na namba ya simu: kitanda, karibu na metro, wifi, wanawake tu, wakati mwingine na uraia wanaoutaka umeandikwa bila haya. Ndani ni chumba chenye vitanda vya ghorofa na kila kitanda kina pazia lake. Kitazame kwa macho kabla ya kulipa, na uliza kwenye choo kimoja mko wangapi. Sharjah ni nafuu zaidi, ila foleni ya asubuhi kuingia Dubai inailipiza hiyo nafuu.

Dawa unazobeba ziwe na cheti cha daktari, na tramadol na kodeini usiziguse bila kibali chao. Mirungi ni dawa za kulevya kule, hata majani mawili mfukoni.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi niko Mwanza. Je, nikienda mwenyewe kutafuta kazi huko huko?*

Kutafuta na kufanya usaili hakuna shida, kosa ni kuanza kazi kabla ya kibali. Kuna hata viza ya kutafutia kazi ya siku 60, 90 au 120, ila ina masharti ya elimu. Lakini usiache kazi kwa ajili hiyo. Sheria yetu inakupa likizo ya mwaka ya siku 28. Ichukue yote, nenda, fanya usaili, rudi ofisini kama mtu aliyekwenda kusalimia wazazi.

*Shikamoo kaka. Mdogo wangu ameitwa kazi za ndani Abu Dhabi, ajenti anasema pasipoti itakaa kwa bosi.*

Marahaba. Hapana, pasipoti anakaa nayo mwenyewe. Sheria ya wafanyakazi wa ndani ya 2022 inampa pia siku moja ya mapumziko kwa wiki, na saa 12 za kupumzika kwa siku, nane kati yake mfululizo. Ajenti anayeanza na pasipoti ya bosi amekuonyesha mapema jinsi atakavyokusaidia mambo yakiharibika. Hakikisheni ana leseni ya hapa nyumbani, mdogo wako awe na nakala ya mkataba kwenye simu na nyingine ibaki kwako, na aandike namba ya ubalozi wetu, ambao uko huko huko Abu Dhabi. Dubai tuna ubalozi mdogo.

*Nikifika nikakuta kazi siyo niliyoahidiwa, nimefungwa?*

Hujafungwa. Ndani ya majaribio, ukitaka kurudi nyumbani unatoa notisi ya siku 14 kwa maandishi. Ukitaka kuhamia mwajiri mwingine kule kule ni mwezi mmoja, na huyo mpya ndiye anayemfidia wa zamani gharama za kukuajiri. Ukipewa karatasi inayosema wewe ndiye utarudisha hela ya viza, usisaini, peleka malalamiko MOHRE.

*Mke na watoto wawili, nije nao kabisa?*

Ili kuwadhamini unatakiwa mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 na malazi. Hicho ni kiwango cha kukubaliwa tu, siyo cha kuishi. Shule za watoto wa wageni ni za kulipia na bei zake zinauma. Ningekuwa wewe ningetangulia, nipite majaribio, nipate nyumba, ndipo niwaite. Na kama mama ana kazi yake Dar, asiandike barua siku moja na wewe.