Kasha la Mkia wa Njiwa: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujashika Msumeno

Kasha lililoungwa kona zake kwa mkia wa njiwa halihitaji msumari. Meno ya ubao mmoja hupanuka nchani, huingia katika mapengo ya ubao wa pili, na yakishakaa hayavutiki tena kwa upande ule. Uzuri wake na uimara wake ni kitu kimoja, kwa hiyo kosa nalo huonekana waziwazi. Na makosa mengi niliyoyaona hapa Tanga yalifanyika kabla jino la kwanza halijakatwa.

La kwanza ni ubao wenyewe. Kasha langu la kwanza nililitengeneza wakati wa masika, la arusi ya mtoto wa dada yangu, kwa mbao za mvule nilizozichukua moja kwa moja kwa wapasuaji. Meno yalibana vizuri, nikafurahi. Kaskazi ilipoingia, mbao zikanywea. Kila kona ikafunguka mwanya wa kupitisha ukucha, mfuniko ukapinda, komeo likakataa kuingia. Kanga zake na udi vilikuwa vimeshapangwa ndani. Jambo lile liliniuma sana, na tangu siku ile siharakishi mbao.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu, hivyo hata ubao uliokaukia Dodoma utavimba kidogo ukifika huku. Ziweke mbao ndani ya chumba utakachofanyia kazi. Zipange tabaka kwa tabaka, baina yake tia vijiti vya unene mmoja kila sentimita 40 hivi, na vichwa vya mbao vipake rangi visije vikakauka upesi vikapasuka. Maseremala wa zamani huhesabu mwaka 1 kwa kila inchi 1 ya unene. Mimi huongeza kipimo kingine: nakata kipande kutoka katikati ya ubao, nakipima kila Ijumaa kwa mizani ya jikoni, na uzito nauandika kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Kimoja bado ninacho: gramu 412, 398, 391, 388, 388, 388. Namba ilipojirudia mara tatu ndipo nilipotoa randa.

Kuhusu mti, mninga ndio ninaoupenda zaidi kwa kazi hii. Hautanuki wala kunywea sana, na patasi huukata safi. Mtiki wa Longuza, kule Muheza, uko karibu nasi, ila mti mchanga huwa na sehemu pana nyeupe ya nje, nayo bungua, mdudu anayetoboa mbao, huipenda. Nunua kiini. Mvule ni mti wa heshima, lakini mara nyingine huficha ndani yake chokaa iliyoganda kama jiwe, na patasi ikiigonga humeguka makali. Vumbi lake pia huwasha ngozi na kifua, basi vaa barakoa. Popote ununuapo, dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu.

Kisha kaa na karatasi. Amua mbao zipi zitabeba mikia, yaani yale meno yanayopanuka nchani. Kasha hubebwa kwa vishikio vya ubavuni, na mbebaji huvuta ubavu kwenda nje. Kwa hiyo mikia ichongwe kwenye ubao wa mbele na wa nyuma, ndiyo itakayouzuia ubavu usichomoke. Nyuzi za mbao zote nne zizunguke kasha kwa ulalo, ili unyevu ukibadilika zipande na kushuka pamoja. Kitako kisigundishwe. Kiache kielee ndani ya mfereji, na mfereji huo uuchore mapema, kwa sababu ukiupitisha mpaka mwisho wa ubao, tundu la mraba litatokeza nje ya kona, mahali ambapo kila mgeni ataliona.

Mlalo wa jino, kwa mti mgumu, pima sentimita 8 kwenda mbele na 1 kwenda pembeni. Kwa mbao laini kama za msindano, 6 kwa 1. Ukilaza zaidi, pembe za jino hubaki na nyuzi fupi na kukatika. Ukisimamisha mno, jino halishiki. Kata kigezo cha bati ili meno yote yafanane.

Patasi inolewe mpaka ichonge kichwa cha ubao kikabaki laini, bila kuchimbika. Msumeno uwe mdogo, wa meno madogo, wenye mgongo wa chuma. Mistari ichorwe kwa mahati, kifaa cha kukwaruzia mstari sambamba na ukingo wa ubao, na kwa kisu, maana penseli ni nene mno kwa kazi hii. Tengeneza kona moja ya majaribio kwa mabaki ya ubao huohuo.

Siku ya gundi, fanya asubuhi mapema. Jua likipanda gundi nyeupe hukamata ukiwa bado unagonga kona ya pili, basi jiliwa za kubania kona ziwe tayari na mtu wa kukushikia awepo.

Bawaba na vishikio viwe vya shaba. Chuma hula kutu kwa chumvi ya bahari, na kwenye mvule au mtiki huacha doa jeusi. Skrubu za shaba ni laini na hukatika shingo, kwa hiyo toboa kwanza, ingiza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule, itoe, kisha weka ya shaba.